Kuandaa na Kuwasilisha Makala ya Utafiti wa Mimea Dawa: Mwongozo Kamili

Makala nyingi kuhusu mimea dawa hurudishwa na mhariri hata kabla ya kufika kwa wahakiki. Ukizichunguza, utaona kasoro haimo kwenye sentensi. Imo kwenye kazi iliyofanyika miezi mingi nyuma: mmea haukutambuliwa na mtaalamu, haikuelezwa kiziduo (dutu iliyotolewa kwenye mmea kwa maji au kimiminika kingine) kilipatikanaje, au wanyama walipewa dozi ambayo hakuna mgonjwa angeweza kuimeza. Kasoro za namna hiyo haziponi kwa kuandika upya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla hujaanza kuandika. Uwasilishaji wenyewe, ambao ndio watu huuogopa, hauhitaji maelezo marefu hivyo.

## Anza na swali, kisha jarida

"Mmea huu una faida gani?" bado halijawa swali la utafiti. "Je, maji ya magome haya yaliyochemshwa kama waganga wanavyoyachemsha hupunguza uvimbe, kwa dozi inayokaribiana na ile wanayopewa wagonjwa?" hilo ni swali, kwa sababu limetaja sehemu ya mmea, namna ya kuandaa, tatizo na kipimo.

Swali likishakaa sawa, aina ya makala hujitokeza yenyewe, na kila aina ina mwongozo wake wa kuripoti ambao wahariri huutumia kama orodha ya ukaguzi. Majaribio ya wanyama hufuata ARRIVE 2.0 ya mwaka 2020. Majaribio ya binadamu hufuata CONSORT, ambayo tangu 2006 ina nyongeza mahususi kwa dawa za mitishamba. Mapitio ya kimfumo hufuata PRISMA 2020. Kwa maelezo ya kemia ya viziduo kuna ConPhyMP, iliyotoka 2022. Zisome kabla ya kuingia maabara. Ukizisoma baada ya kazi kwisha, zitakuonyesha tu vitu ambavyo huwezi tena kuvipata.

Chagua pia majarida mawili au matatu unayoyalenga mapema, kwa sababu hayatafuti kitu kimoja. *Journal of Ethnopharmacology* hutaka utafiti uwe na mizizi katika matumizi ya jadi, na ikisiri yake huanza na kipengele cha uhusiano huo. Mmea usio na historia ya tiba hauna nafasi pale hata kama matokeo yanang'aa. *Phytochemistry* na *Journal of Natural Products* huegemea kemia ya viambata (kemikali zilizomo kwenye mmea) vyenyewe. *Planta Medica*, lililoanza 1953, huchukua kemia na famakolojia. Mahojiano na wenye maarifa ya jadi hupata nafasi nzuri katika *Journal of Ethnobiology and Ethnomedicine*. Fungua maelekezo kwa waandishi, nenda moja kwa moja kwenye orodha ya kazi wasizozipokea. Orodha hiyo itakufaa kuliko kurasa nyingine zote.

## Vibali havitafutwi baadaye

Kibali cha maadili hutolewa kabla ya jaribio la kwanza au mahojiano ya kwanza. Hakuna kamati makini itakayokupa kibali cha kurudi nyuma, na jarida litakuuliza namba na tarehe yake. Kama unahusisha binadamu, rejea Azimio la Helsinki, la mwaka 1964 na lililorekebishwa mara ya mwisho 2024. Kama ni jaribio la tiba kwa wagonjwa, lisajili kwenye daftari la umma kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Majarida yanayofuata kanuni za ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba) yamelishikilia sharti hilo tangu 2005.

Kisha kuna haki za wenye mmea na wenye maarifa. Itifaki ya Nagoya ilipitishwa 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014. Inataka anayechukua rasilimali za kijenetiki apate ridhaa ya mamlaka husika na akubaliane nazo jinsi ya kugawana manufaa. Ridhaa ya mganga aliyekueleza dawa ni jambo jingine tena: mweleze utachapisha nini, mwulize kama anataka jina lake litajwe au lifichwe, na kama kuna sehemu ya maarifa ambayo hataki itoke. Akikataa baadhi, kataa nawe kuiandika. Wapo watafiti wanaodhani kusema "asante kwa jamii" mwishoni kunatosha. Hakutoshi.

Angalia pia kama spishi yako imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya spishi zilizo hatarini. *Prunus africana*, ambayo magome yake hutumika kwa matatizo ya tezi dume, imo katika Kiambatisho cha II, hivyo kupeleka magome hayo nje ya nchi kunahitaji hati.

## Jina la mmea

Hapa ndipo pa kukaa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene huko Brussels, Ubelgiji, walianza kuharibika figo. Ripoti ya kwanza ilichapishwa 1993, na baadaye waathirika walizidi mia moja. Mmea uliokusudiwa kwenye vidonge ulikuwa *Stephania tetrandra*. Ulioingia ni *Aristolochia fangchi*, wenye asidi ya aristolokia inayoua figo na kusababisha saratani. Majina ya Kichina ya mimea hiyo miwili yanakaribiana sana. Mhariri anayekubana kuhusu utambuzi wa mmea anaikumbuka habari hii.

Kwa hiyo, siku ya kukusanya, andika tarehe, mahali pamoja na vipimo vya GPS, mwinuko, sehemu iliyochukuliwa, na kama mmea ulikuwa na maua au matunda. Kata tawi lenye maua au matunda, likaushe na kulibana kitaalamu, kisha lihifadhiwe kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) inayotambulika, likiwa na namba yake. Hebaria nyingi zina kifupisho katika *Index Herbariorum*, orodha ya hebaria za dunia: K ni ya bustani ya Kew, Uingereza, EA ni ile ya Nairobi. Mtaalamu wa mimea aliyeutambua atajwe kwa jina. Picha ya simu husaidia, ila haichukui nafasi ya kielelezo hicho, kwa sababu miaka ishirini ijayo mtu akitilia shaka atahitaji kulishika jani lenyewe.

Jina lenyewe huandikwa kamili mara ya kwanza: jenasi, spishi, aliyeipa jina, na familia. Mwarobaini, kwa mfano, ni *Azadirachta indica* A.Juss. (Meliaceae). Lihakiki kwenye *Plants of the World Online* au kwenye huduma ya majina ya mimea dawa ya Kew, na utaje tarehe uliyoangalia. Majina hubadilika. Mmea ulioandikwa kwa miaka mingi kama *Vernonia amygdalina* sasa wataalamu wengi huuweka katika jenasi *Gymnanthemum*; ukitafuta maandiko kwa jina jipya pekee, utapoteza karibu kila kitu kilichofanyika kabla yako. Tafuta kwa majina yote, andika kwa lile linalokubalika.

Jina la kienyeji liandike pia, pamoja na lugha yake. Lakini usilitegemee peke yake kamwe, maana jina moja linaweza kubeba spishi tatu.

Kama ulinunua unga uliokwisha kusagwa, kazi ni ngumu zaidi. Utahitaji hadubini, kromatografia (mbinu ya kutenganisha viambata) ya kulinganisha na sampuli halisi, au kipimo cha DNA, na ni lazima ubakize sehemu ya unga ule kama akiba. Ukiweza, epuka unga.

## Kiziduo lazima kiweze kurudiwa

Mwaka 1971 Tu Youyou na wenzake nchini China walikuwa wakihangaika na *Artemisia annua* kama dawa ya malaria. Matokeo yalikuja na kupotea. Maandishi ya Ge Hong ya karne ya nne yalizungumzia kuloweka mmea huo kwenye maji na kuukamua, bila kuuchemsha. Tu alihisi joto ndilo linaloharibu, akatumia etha, inayochemka kwa takriban nyuzijoto 35 tu. Kiziduo kikafanya kazi. Artemisinin ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mmea ulikuwa uleule muda wote. Kilichobadilika ni sentensi moja katika sehemu ya mbinu.

Andika basi jinsi ulivyokausha (kivulini au kwenye oveni, joto gani), ukubwa wa chembe baada ya kusaga, kiyeyushi na asilimia yake, uwiano wa mmea kwa kiyeyushi, muda, joto, mara ngapi ulirudia, jinsi ulivyoondoa kiyeyushi, na ulipohifadhi. Kisha toa mavuno na uwiano wa mmea mkavu kwa kiziduo. Aya ya namna hii, iliyobuniwa hapa kwa mfano tu, hutosha:

"Majani makavu yaliyosagwa (500 g) yalilowekwa katika lita 5 za ethanoli ya 70% kwa saa 48 katika nyuzijoto 25, yakichanganywa mara kwa mara, kisha yakachujwa. Ulowekaji ulirudiwa mara moja. Michujo iliunganishwa, ethanoli ikaondolewa kwa kupunguza kanieneo katika nyuzijoto 40, na maji yakaondolewa kwa kugandisha na kukausha. Kiziduo kikavu kilikuwa 50 g (mavuno 10%, uwiano 10:1), kikahifadhiwa katika nyuzijoto -20."

Baada ya hapo onyesha ndani yake mna nini. Vipimo vya rangi vinavyosema "alkaloidi zipo, tanini zipo, saponini zipo" vina umri mkubwa na thamani ndogo. Karibu kila mmea utatoa orodha hiyohiyo, na majarida mengi hayavikubali tena kama uthibitisho. Kinachotakiwa ni alama ya kikemikali: kromatogramu (mchoro wa viambata vilivyotenganishwa) ya HPLC au LC-MS, yaani kromatografia ya kimiminika, yenye angalau kiambata kimoja au viwili vilivyothibitishwa kwa sampuli rejea na kupimwa kiasi chake. GC-MS, yaani kromatografia ya gesi, inafaa mafuta yanayovukiza. Ukiitumia kwa kiziduo cha maji, utaishia kunakili majina ambayo programu imeyabahatisha. Na ukiona fthalati (kemikali za kulainisha plastiki) kwenye orodha yako, usiandike kwamba mmea unazitengeneza. Chunguza kwanza vyombo vya plastiki vilivyogusa sampuli.

## Majaribio ambayo wahakiki huyaamini

Piga hesabu ya dozi kabla ya kuagiza wanyama. Ili kupata dozi ya binadamu inayolingana, dozi ya kipanya cha maabara kwa kila kilo hugawanywa kwa 12.3, ya panya mkubwa hugawanywa kwa 6.2. Chukua 1000 mg/kg kwa vipanya, kiwango ambacho hukutana nacho kwenye makala nyingi. Kwa binadamu ni kama 81 mg/kg. Mtu wa kilo 60 angehitaji karibu gramu 4.9 za kiziduo, na kama uwiano ni 10:1, hizo ni gramu 49 za majani makavu kila siku. Linganisha na kiasi ambacho mganga hutoa. Kama umezidi mara ishirini, huna hoja ya kusema umethibitisha matumizi ya jadi.

Tumia dozi zisizopungua tatu ili mwelekeo uonekane, kundi lisilopewa dawa lakini lililopewa kiyeyushi kilekile, na kundi la dawa inayojulikana kwa dozi sahihi. Kosa la kiyeyushi ni la kawaida mno: watu huyeyusha kiziduo katika DMSO (kiyeyushi cha maabara), kisha huwapa kundi linganishi maji.

Kwa vijidudu, kipenyo cha duara kwenye sahani ya agari hakitoshi, kwa sababu kinategemea jinsi viambata vinavyosambaa kwenye agari. Pima kiwango cha chini cha kuzuia ukuaji. Kiziduo kinachohitaji zaidi ya 1 mg/ml hakimshawishi mtu; chini ya 100 µg/ml ndipo wahakiki huanza kuketi vizuri, na kwa kiambata safi wanatazamia karibu 10 µg/ml au chini yake. Pima pia sumu kwa seli za kawaida. Kitu kinachoua bakteria na seli kwa kiwango kilekile ni sumu, hata kama kimetoka kwenye jani.

Kuhusu DPPH, kemikali yenye rangi inayotumika kupima uwezo wa kuzuia uoksidishaji, nitasema wazi: makala ambayo matokeo yake makuu ni kipimo hicho cha kuzuia uoksidishaji ndani ya tyubu isipelekwe kwenye jarida la famakolojia. Karibu kila mmea una polifenoli, na karibu kila polifenoli hubadilisha rangi ya DPPH. Vivyo hivyo kwa makala ya kompyuta tupu inayoonyesha kwamba kiambata fulani "kinajishikiza" kwenye protini fulani bila jaribio lolote la maabara. Na ukikuta kwasetini au kurkumini ndiyo nyota ya matokeo yako, kumbuka viambata hivi vinajulikana kwa kuvuruga vipimo vya aina nyingi, hivyo leta kipimo cha pili kinachotumia njia tofauti.

Kwenye takwimu, kosa linaloongoza ni kuhesabu vibaya idadi ya marudio. Kupima kiziduo kimoja mara tatu kwenye sahani moja ni rudio moja lililosomwa mara tatu. Marudio huru ni majaribio yaliyoanzishwa upya. Makundi zaidi ya mawili yanataka ANOVA (uchambuzi wa tofauti kati ya makundi) ikifuatiwa na jaribio la kulinganisha, mfano lile la Dunnett ukilinganisha yote na kundi linganishi. Toa mkengeuko sanifu, na useme idadi kwenye kila mchoro.

Kama kazi yako ni ya mahojiano, orodha ya mimea na matumizi haitoshi tena. Eleza jinsi washiriki walivyochaguliwa, toa taarifa za matumizi kwa idadi, na ukokotoe kipimo cha makubaliano kati yao. Kwa kundi la maradhi lenye taarifa 40 zinazotaja spishi 10, unatoa 10 kwenye 40, unagawanya kwa 39, unapata 0.77, maana yake wengi hurudia mimea ileile. Halafu linganisha na maandiko ya awali: kipi ni kipya hapa? Kielelezo cha hebaria kinahitajika kwa kila spishi uliyoitaja.

## Kuandika, kwa mpangilio usio wa kurasa

Anza na michoro na majedwali. Yakikaa sawa, andika mbinu, kisha matokeo, mjadala, utangulizi, na mwisho ikisiri na kichwa. Anayeanza na utangulizi huishia kuandika historia ya ugonjwa tangu mwanzo wa dunia, kisha hukosa nguvu ya kufika kwenye mjadala.

Utangulizi uwe na aya tatu au nne: tatizo, mmea na matumizi yake ya jadi yenye marejeleo ya chanzo asili, kilichokwisha kufanyika, pengo na lengo lako. Sentensi "mmea huu haujawahi kuchunguzwa" iandikwe tu baada ya kutafuta kwa majina yote ya zamani.

Mjadala ndio hupima ukomavu wa mwandishi. Eleza matokeo yako yanalinganaje na dozi halisi, kiambata gani huenda kinahusika na kwa ushahidi gani, na mipaka ya kazi. Neno "inatibu" liache. Kiziduo kilichopunguza sukari kwa vipanya kimepunguza sukari kwa vipanya, basi. Vilevile "ni salama kwa kuwa ni ya asili" ni sentensi inayoweza kukuharibia makala yote mbele ya mhakiki mmoja makini.

Kichwa kitaje mmea kwa jina la kisayansi, sehemu iliyotumika, na kilichopimwa. Kama umetumia programu ya akili unde kunyoosha lugha, sema hivyo mahali jarida linapoelekeza. Haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika. Marejeleo yapange kwa programu kama Zotero, lakini fungua kila chanzo ukisome. Nukuu iliyonakiliwa kutoka makala nyingine hugunduliwa kirahisi kuliko watu wanavyodhani.

## Jarida la kweli na jarida tapeli

Barua pepe inayokusifu kwa "makala yako bora" na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ni mtego. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, Scopus au Web of Science kwa kuingia kwenye hifadhidata zenyewe, si kwa kuamini nembo iliyobandikwa ukurasani. Soma makala zake tano za hivi karibuni. Waulize wahariri unaowajua kama kweli wamo kwenye bodi. Orodha ya maswali ya kampeni ya *Think. Check. Submit.* inasaidia sana kwa wanaoanza.

Ada ya uchapishaji iulize kabla ya kuwasilisha. Wachapishaji wengi wakubwa huisamehe au kuipunguza kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, lakini mara nyingi ombi lazima litolewe wakati wa kuwasilisha. Makala ikishakubaliwa, mlango huo huwa umefungwa. Na majarida mengi ya usajili hayatozi kitu kwa mwandishi.

## Siku ya kuwasilisha

Andaa mswada, ukurasa wa kichwa wenye waandishi na taasisi zao, michoro kwa ubora unaotakiwa, mafaili ya nyongeza (kromatogramu, spektra, picha ya kielelezo cha hebaria), tamko la migongano ya maslahi, namba za vibali, maelezo ya mahali data zilipo, mchango wa kila mwandishi, na ORCID (namba ya utambulisho ya mtafiti). Nani awe mwandishi lilitakiwa kuamuliwa mapema. Kwa vigezo vya ICMJE, mtu awe amechangia kazi kwa kiasi kikubwa, ameshiriki kuandika au kuhakiki kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika. Bosi aliyetoa chumba cha maabara tu hushukuriwa.

Barua kwa mhariri iwe ya nusu ukurasa: umepata nini, kwa nini kinawahusu wasomaji wa jarida lile, na kwamba kazi haijapelekwa kwingine. Usirudie ikisiri. Ukiombwa kupendekeza wahakiki, taja watu wanaofanya kazi ya karibu na yako ambao hamjaandika pamoja miaka ya karibuni, na utumie barua pepe zao za taasisi.

Jarida moja kwa wakati mmoja. Kupeleka mawili ili "lolote litakalotangulia" ni kosa la kimaadili, na mara nyingine mhakiki yuleyule hupokea nakala zote mbili.

## Maoni yakirudi

Yasome, funga, lala. Kesho yake nakili kila hoja kwenye faili jipya na ujibu chini yake: umebadilisha nini, ukurasa na mstari upi. Usipokubaliana, sema kwa ushahidi na kwa adabu. Mhakiki akisema "kemia haitoshi", maneno hayatamridhisha. Rudi maabara au uombe muda zaidi. Makala ikikataliwa, rekebisha hoja zilizo sahihi kabla ya kuipeleka jarida jingine, kwani uwanja wa mimea dawa ni mdogo na huenda ikaangukia mikononi mwa mtu yuleyule.

Ikikubaliwa, utapewa nakala ya mwisho ya kusahihisha kwa siku mbili au tatu. Isome na mwandishi mwenzako, mmoja akitamka kwa sauti. Angalia majina ya kisayansi yamebaki kwenye herufi za mlazo, jina la aliyeipa spishi jina halijafutwa, na namba ya hebaria ni ileile. Zaidi ya yote, pitia kila kipimo kwenye kila jedwali: alama ya µ hupotea mafaili yanapobadilishwa mfumo, ikageuka m, na dozi yako ikaongezeka mara elfu bila mtu kujua.